Kulinganisha si Kuzidi

Kilwa Kisiwani kuna magofu mawili ya jirani, upande wa mashariki wa mji mkongwe, juu ya mwamba unaotazama bahari. Moja ni Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane. Jingine ni Husuni Ndogo, boma la mstatili lenye kuta nene. Waliozipa husuni hizo majina hawakusema kubwa kuliko ipi wala ndogo kuliko ipi. Ziko mbili, na vitu vikiwa viwili, katika Kiswahili neno "kubwa" peke yake linatosha. Msikilizaji anajua kwamba ni ile inayoizidi mwenzake.

Sasa mpe mtoto wa darasa la saba swali hili: "Husuni Kubwa is the ____ of the two buildings." Mwekee majibu manne achague: large, larger, largest, more large. "Large" litamvuta kwa sababu ndivyo lugha yake inavyosema, kubwa na basi. "Largest" litamvuta kwa sababu ameona "the" mbele ya pengo, na amekaririshwa kwamba "the" huandamana na neno lenye "-est". Jibu ni "larger", kwa kuwa vinavyotajwa ni viwili, na "of the two" imeandikwa pale ili aione. Mtoto huyo anaijua Kilwa, anajua husuni ipi ni kubwa, na bado anaweza kulikosa swali. Naamini sehemu ya kosa hilo inatokana na jina tulilompa kwa jambo analoulizwa.

Kile ambacho Waingereza wanakiita "comparative", madarasani mwetu huitwa ulinganishi, au hali linganishi, na huelezwa kwa sentensi moja: hutumika tunapolinganisha vitu viwili. Sentensi hiyo haitoshi. Ukisema "Asha is as tall as Juma", umelinganisha watu wawili, lakini "tall" haikubadilika hata herufi moja. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba kila panapolinganishwa viwili pawekwe "-er" ataandika "as taller as", na kwa hakika atakuwa ametii alichofundishwa.

Tazama na mzizi wenyewe. Kulinganisha kumetoka kwenye kulingana, na kulingana ni kuwa sawa. Watoto wawili waliolingana kimo hakuna aliyempita mwenzake. Lakini "taller" inatangaza kwamba hawakulingana: mmoja amezidi. Tumechukua neno lenye mzizi wa usawa tukalifanya jina la umbo linaloonyesha tofauti, halafu tunashangaa mtoto anapolitumia mahali pa usawa.

Ningependa tuliite umbo la kuzidi. Ulinganishi ubaki kuwa jina la mada nzima, na ndani yake mwalimu aonyeshe mambo matatu: kulingana, ambako Kiingereza hutumia "as" mbili na kivumishi hakiguswi, kuzidi, ambako kivumishi hubadilika na aghalabu "than" hufuata, na kupita wote, ambako huingia "the" na "-est" au "most". Nimesema umbo kwa makusudi, maana Kiingereza hubadilisha umbo la neno lenyewe, na hilo ndilo mtihani unalolipima. Istilahi huzaliwa pale kazi inapofanyika. Ikishaota mizizi madarasani, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina kazi ya kuisanifisha.

Kuna wanaopendelea kusema daraja la kwanza, la pili na la tatu, kwa kufuata mapokeo ya sarufi ya Kilatini. Katika pwani ya Lindi sishauri kabisa. Mtoto wa hapa amekwenda na wazazi wake kwenye chama cha msingi kuuza korosho, na anajua kwamba daraja la kwanza ndilo bora, na la pili ni zile zilizopungua ubora na bei yake iko chini. Ukimwambia kwamba "good" ni daraja la kwanza na "best" ni la tatu, umemgeuzia dunia juu chini bila sababu yoyote.

Faida ya neno kuzidi ni kwamba tayari linafanya kazi hiyo katika Kiswahili. Juma amemzidi Asha kwa urefu: "Juma is taller than Asha." Bei ya korosho inazidi kupanda: "The price of cashew nuts is getting higher and higher." Kadiri unavyozama ndivyo maji yanavyozidi ubaridi: "The deeper you dive, the colder the water becomes." Muundo huu wa mwisho, wenye "the" mbili na maumbo mawili ya kuzidi, huwatisha wanafunzi wa sekondari, lakini aliyezoea "kadiri" na "ndivyo" anao tayari kichwani. Anachohitaji ni kuonyeshwa kwamba kila "the" pale inabeba mzigo wa kadiri au ndivyo, na kwamba kuzidi kunatajwa mara mbili.

Hata "less", inayoonekana kupingana na jina hili, inaingia vizuri. "Less" ni umbo la kuzidi la "little": udogo ndio uliozidi. "Fewer" ni la "few": uchache ndio uliozidi. Kwa hiyo samaki unaowahesabu kwenye ndoana ni "fewer fish", na maji yaliyopungua kisimani ni "less water".

Turudi kwenye Kiswahili tuone mzigo wa kuzidi unabebwa na nini. Tunasema mrefu kuliko, mrefu zaidi ya, mrefu kumshinda, mrefu kumpita. Katika yote hayo "mrefu" imekaa vile vile, na kazi inafanywa na neno linalofuata. Kiingereza kinataka kazi ifanyike mara mbili: kivumishi kibadilike, kisha "than" ije. Mwanafunzi anayeandika "Juma is tall than Asha" ameweka "than" mahali pa "kuliko" na kuona amemaliza, kwa sababu kwao kweli angekuwa amemaliza. Mwingine anaandika "very tall than", akiwa na "mrefu sana kuliko" akilini. Kiswahili kinaruhusu "sana" hapo. Kiingereza hakiruhusu "very" mbele ya umbo la kuzidi, bali hutaka "much" au "far": "much taller", "far older". Watunga maswali wanalijua hilo, na mara kwa mara huweka "very" na "much" kati ya majibu ya kuchagua. Mwalimu akiyasahihisha makosa haya kwa kalamu nyekundu tu, bila kuonyesha yalikotoka, yatarudi muhula ujao.

Kiingereza hakiko peke yake katika kukibadilisha kivumishi, na mtoto wa Kilwa Kivinje aliyepita chuoni kusoma Kurani anao mfano wa karibu. Kabla hajasikia "bigger" amekwisha kusikia "akbar". Kiarabu hubadilisha umbo la kivumishi kama Kiingereza, ila umbo hilo moja hutumika kwa kuzidi na kwa kupita wote. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliuhesabu mji huu miongoni mwa miji mizuri kabisa, na alitumia umbo hilo hilo. Mfasiri wa Kiingereza hana budi kuchagua, na huandika "one of the most beautiful towns". Hapo papo pana mtego mwingine wa mtihani: baada ya "one of the most" nomino huja katika wingi. "One of the most beautiful town" ni kosa, kwa sababu mmoja anatolewa katika kundi, na kundi ni "towns".

Kiswahili kilichukua maumbo kadhaa ya Kiarabu ya namna hiyo. "Afadhali" ni mojawapo: asili yake ni umbo la kuzidi la neno lenye maana ya ubora. "Aghalabu" na "akali" ni ndugu zake. Yalipoingia kwetu yaliacha taratibu za kwao. Hakuna anayehisi leo kwamba "afadhali" ina kuzidi ndani yake, ingawa maana bado ipo: afadhali hiki, si kile. Kiingereza nacho kilifanya vivyo hivyo kwa Kilatini. "Superior", "inferior", "senior" na "junior" ni maumbo ya kuzidi ya Kilatini, na kwa hiyo hayapokei "more" wala hayafuatwi na "than", bali hufuatwa na "to": "She is senior to him." Swali hilo huwaangusha hata wanafunzi wazuri. Ukiwaeleza kwamba "senior" ni mgeni aliyekuja na kuzidi kwake kutoka kwao, kama afadhali ilivyokuja kwetu, hawatalazimika kulikariri bila kulielewa.

Kanuni ya "-er" na "more" yenyewe si ndefu. Neno la silabi moja huchukua "-er". La silabi mbili linaloishia na "y" hugeuza "y" kuwa "i" na kuchukua "-er", kama "happier". Marefu huchukua "more". "Good", "bad" na "far" yana njia zake. Kisichofaa katika mtihani ni kuzidisha mara mbili, kama "more better" au "more taller". Ila mwalimu asimwambie mtoto kwamba hakuna Mwingereza aliyewahi kusema hivyo. Shakespeare alizidisha mara mbili bila wasiwasi. Katika Julius Caesar, mchezo ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili, Antony anaiunganisha "most" na neno lenye "-est" akiwa mbele ya maiti ya Caesar. Waliokuja kuuandika mwenendo huo kuwa kosa ni wanasarufi wa karne ya 18, akiwamo Robert Lowth katika kitabu chake cha mwaka 1762. Mtoto akilijua hilo hataona aibu kwa kusema "more better". Atajua tu kwamba Kiingereza cha mtihani kimeliacha.

Ukoo wetu pia unafundisha. Mama mkubwa ni dada wa mama aliyemtangulia kuzaliwa, na mama mdogo ni aliyemfuata. Kimo na unene havihusiki. "Mkubwa" na "mdogo" hapo ni za kuzidi kiumri, bila "kuliko". Kiingereza kina "elder" kwa jambo hilo: "my elder sister". Lakini "elder" haikubali "than". Ukitaka kuleta "than" lazima useme "older". Na haisemwi juu ya miji: Kilwa Kivinje ni "older than Kilwa Masoko", na Kisiwani ni "the oldest of the three". Mwalimu wa Kilwa ana bahati ya kuwa na husuni mbili kwa kufundishia kuzidi na Kilwa tatu kwa kufundishia kupita wote.

Mahali pengine Kiswahili kinamsaidia mwanafunzi kuliko anavyofikiri. Tunasema "bandari ya Lindi ni ndogo kuliko ya Mtwara", na hatuiachi ile "ya". Kiingereza sahihi kinataka kitu hicho hicho: "smaller than that of Mtwara". Anayeandika "The harbour of Lindi is smaller than Mtwara" ameilinganisha bandari na mji mzima. Mwambie asikilize "ya" yake, aiandike "that of". Vikiwa vingi, "za" inakuwa "those of".

Lakini "-refu" inahitaji uangalifu. Mtu mrefu, kamba ndefu, kisima kirefu: kwetu ni neno moja, kwa Kiingereza ni "tall", "long" na "deep". Mfano bora uko Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walifukua mifupa ya dinosaria. Uchimbaji wenyewe ulifanywa na mamia ya wenyeji, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na mifupa ikabebwa kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi. Kiunzi kilichounganishwa kutokana na mifupa hiyo kimesimama katika jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake mita 13.27, na hakuna kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa popote kinachokifikia kwa kwenda juu. Jirani yake ipo nakala ya Diplodocus wa Marekani, iliyo fupi kwa kimo lakini ndefu zaidi kutoka kichwani hadi mkiani. Kwa Kiswahili tunaweza kusema wote wawili ni "mrefu kuliko mwenzake", na tukawa wakweli. Kwa Kiingereza lazima uchague: "The Tendaguru skeleton is taller, but the Diplodocus is longer." Mtoto wa Lindi akipewa sentensi hii atajaza mapengo akijua anachokisema, na kinachosemwa kimetoka katika ardhi ya kwao.

Kutoka hapo mwalimu anaweza kuwapeleka kwenye swali gumu zaidi: "It is taller than ____ mounted dinosaur in the world." Majibu ni "any", "any other", "all" na "every". Kiunzi cha Tendaguru nacho ni dinosaria aliyesimamishwa. Ukiandika "any" bila "other", umekifanya kijizidi chenyewe, na hakuna kitu kinachoweza kujizidi. Jibu ni "any other".