Gari likikataa kuwaka likiwa moto, chunguza mafuta kabla ya kununua vipuri

NI saa kumi na mbili jioni. Gari limetambaa katika msongamano wa barabara ya Jogoo kwa zaidi ya saa moja. Dereva anaegesha karibu na soko la Mutindwa, anazima injini na kuingia sokoni kununua mboga. Anaporudi baada ya dakika 15, anazungusha ufunguo na stata inalia kwa nguvu, lakini injini haishiki. Anajaribu tena na tena hadi betri inaanza kulegea. Baada ya nusu saa, akiwa bado anamsubiri fundi, gari linawaka mara moja kana kwamba halikuwa na kasoro yoyote.

Wamiliki wengi wa magari katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Buruburu na Donholm hadi Kayole na Dandora, wanaifahamu hali hii. Aghalabu kinachofuata ni gharama. Leo plagi zinabadilishwa, kesho koili, kesho kutwa pampu ya mafuta, na gari bado linamwaibisha mwenyewe mbele ya abiria wake.

Njia ya kuepuka hasara hiyo ni kujiuliza swali moja kabla ya kutoa pesa mfukoni: je, injini imekosa mafuta au imepata mafuta kupita kiasi? Kasoro hizi mbili hufanana kwa kuwa zote huzuia injini kuwaka ikiwa moto, lakini tiba zake ni tofauti kabisa.

Joto baada ya kuzima

Injini inapofanya kazi, maji ya rejeta huzunguka, feni hupuliza hewa na petroli mpya hupita kwenye mabomba bila kukoma. Injini ikizimwa, haya yote husimama ilhali chuma bado kina joto jingi. Joto hilo hupanda na kujaa chini ya boneti. Kwa sababu hiyo, kabureta na mabomba ya mafuta yanaweza kuwa moto zaidi dakika 10 hadi 30 baada ya kuzima kuliko gari lilipokuwa likienda.

Petroli nayo haichemki kwa kiwango kimoja cha joto kama maji. Ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, na vile vyepesi huanza kugeuka mvuke mapema sana, joto likiwa karibu nyuzi 40 za Selsiasi.

Mahali lilipo jiji letu huongeza tatizo. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Ndiyo maana maji huchemka hapa yakifika nyuzi 94 hivi badala ya 100, na petroli pia huchemka upesi zaidi. Kwa hivyo, baridi ya Nairobi isimfanye dereva kudhani kwamba shida hii ni ya watu wa Pwani pekee.

Anza na cheche

Kabla ya kuyalaumu mafuta, hakikisha kuwa plagi zinatoa cheche. Koili iliyochakaa, au kihisi kinachoiarifu kompyuta ya gari jinsi injini inavyozunguka, huweza kufa kikipata joto na kufufuka kikipoa. Dalili zake hufanana sana na za mafuta.

Jambo la kuzingatia ni kwamba uchunguzi huu sharti ufanywe wakati ule ule gari limekataa. Gari lililopoa halina ushahidi, na fundi anayelikagua asubuhi yake hulazimika kubahatisha. Ikiwa kuna harufu kali ya petroli, usijaribu cheche hadi harufu hiyo itoweke.

Mafuta yakipungua

Iwapo cheche zipo, lakini hakuna harufu ya petroli na plagi ikitolewa ni kavu, basi mafuta hayafiki. Katika magari ya zamani yenye kabureta, pampu ya mafuta hufungwa kwenye injini yenyewe na huvuta petroli kutoka kwenye tangi lililo nyuma. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya pampu au bomba, pampu hubaki ikisukuma mapovu.

Jaribio lake ni rahisi. Loweka kitambaa katika maji baridi, kizungushe kwenye pampu na bomba la mafuta, kisha subiri dakika chache. Gari likiwaka, umepata jibu. Tiba huwa ni kuliweka bomba mbali na bomba la moshi na kurudisha kile kibati cha kukinga joto ambacho mara nyingi hutolewa wakati wa matengenezo na kusahaulika.

Fungua pia kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani, tundu la kupitisha hewa limeziba na tangi linazuia mafuta yasitoke. Pikipiki za bodaboda hukumbwa sana na kasoro hii.

Magari mengi ya siku hizi hayana kabureta. Pampu yao ya umeme imo ndani ya tangi na husukuma petroli kwa nguvu hadi kwenye injekta. Injini ikizimwa, mafuta yanapaswa kubaki yamekandamizwa ndani ya bomba ili yasichemke. Vali ndogo ya pampu ikichakaa, mgandamizo huo hutoweka na mvuke hutokea.

Hapa, washa swichi bila kupiga stata, subiri sekunde mbili au tatu, kisha zima. Rudia mara tatu ndipo upige stata. Ikiwa gari linawaka kwa njia hii lakini hukataa bila hiyo, mwambie fundi apime mgandamizo wa mafuta kwa geji baada ya injini kuzimwa. Kipimo hicho ni nafuu kuliko pampu mpya.

Mafuta yakizidi

Harufu kali ya petroli, plagi zilizolowa na moshi mweusi injini inapowaka ni ishara kwamba mafuta yamezidi. Katika kabureta, petroli iliyo kwenye bakuli huchemka na kufurika ndani ya injini. Hali huwa mbaya zaidi ikiwa boya limepanda kupita kiasi au sindano inayofunga mafuta imelika. Katika magari ya injekta, huenda injekta moja inadondosha mafuta baada ya kuzimwa, au kihisi cha joto kinaidanganya kompyuta kwamba injini ni baridi, nayo huongeza mafuta yasiyohitajika.

Kanyaga kikanyagio cha mafuta hadi chini na ukishikilie hapo, kisha piga stata kwa muda usiozidi sekunde 10. Hewa nyingi itaingia na kukausha injini. Katika magari mengi ya injekta, kompyuta pia hukata mafuta ukifanya hivyo. Kosa la kawaida ni kukanyaga na kuachilia mara kwa mara. Kwa gari la kabureta, kila ukikanyaga unaongeza petroli pale ambapo tayari imejaa.

Mafuta taa na boti

Wakazi wengi hulaumu petroli iliyochanganywa na mafuta taa. Uovu huo umekuwepo, na mwaka 2018 serikali ilianza kutoza Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuukomesha. Hata hivyo, mafuta taa ni mazito na hayachemki upesi. Petroli iliyochanganywa husumbua zaidi asubuhi injini ikiwa baridi, na huleta moshi na mgongano wa sauti wakati wa kupanda mlima.

Wavuvi wanalijua jambo hili vyema, kwani injini za boti zinazotumia mafuta taa huwashwa kwanza kwa petroli na kubadilishiwa mafuta zikishapata joto.

Msomaji mwenye jamaa anayevua Mbita au Lamu anaweza kumpa ushauri uo huo wa kutenganisha upungufu na wingi wa mafuta. Kwenye bomba la mafuta la injini ya boti kuna mpira wa kubonyeza kwa mkono. Ukibaki laini hata baada ya kubonyezwa mara kadhaa, mafuta hayafiki au hewa inaingia; ukiwa mgumu na injini bado inakataa, tafuta kwingine. Akague pia kama tundu la hewa la tangi limefunguliwa.

Tahadhari

Usimimine petroli kwenye kabureta ya injini iliyo moto, wala usiruhusu utingo kufanya hivyo huku wewe ukipiga stata. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kushika moto mbali na pale ulipoanzia. Eastlands haijasahau mkasa wa Septemba 12, 2011, wakati petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba iliposhika moto katika kijiji cha Sinai, Mukuru, na kuua watu wapatao 100.

Kabla ya kulipeleka gari kwa mafundi wa Kariobangi Light Industries, au kwenda barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, kutafuta vipuri, andika mambo manne: gari lilisimama kwa dakika ngapi, kulikuwa na harufu ya petroli au la, plagi zilikuwa kavu au mbichi, na ni jaribio lipi lililoliwasha. Fundi mwaminifu atayatumia majibu hayo kuanzia mahali panapofaa. Anayetaka kubadilisha pampu kabla ya kuyasikiliza, mwombe kwanza akuonyeshe kipimo kilichomfanya aishuku.