Kibao cha Stesheni na Mwaka Wake

Miongoni mwa kazi za mikono zinazowafurahisha wakubwa kwa wadogo ni ile ya kutengeneza reli ya mfano. Mezani huwekwa njia ya reli, stesheni, maduka na miti, na garimoshi lisilozidi upana wa vidole vitatu hupita katikati yake. Kazi hii ilikomaa Ulaya na Marekani, lakini zinazoigwa si reli za huko peke yake. Reli za Afrika Mashariki nazo zina watu wanaoziiga kwa bidii. Jambo la kushangaza ni kwamba mtengenezaji atahesabu hata ribiti za injini, kisha ukutani abandike tangazo lolote lililomjia mkononi. Hapo ndipo mwalimu wa lugha anapopata la kusema. Injini moja iliweza kuvuta mabehewa miaka thelathini au arobaini bila kubadilika sana, hali maandishi ya stesheni yalibadilika kila utawala, fedha au tahajia ilipobadilika. Anayetaka kujua mwaka wa stesheni na asome ukuta.

Natuchukue mfano mmoja, nao ni Kigoma. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Mwaka 1916 Wabelgiji waliuteka mji, wakakaa hadi 1921 walipowakabidhi Waingereza. Mwaka 1948 reli ya Tanganyika iliunganishwa na ile ya Kenya na Uganda ikawa shirika moja la East African Railways and Harbours. Bandari zikatengwa 1969, na mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika kila nchi ikabaki na reli yake. Stesheni ni ileile, lakini katika muda usiozidi umri wa mzee mmoja maofisa wake waliandika Kijerumani, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili.

Jina lenyewe la Kigoma halitusaidii, maana Wajerumani waliliandika kama sisi. Tuitazame badala yake ratiba iliyotundikwa karibu na dirisha la tiketi. Ikiwa ya zamani za Wajerumani, tutasoma Daressalam kwa neno moja, Kilossa kwa s mbili, na mji wa jirani utakuwa Udjidji. Mahali pengine waliandika Moschi, Aruscha na Muansa. Mambo haya wanafunzi huyacheka, nami huwaacha wacheke kwanza. Kisha huwauliza: Mjerumani alisikia nini? Alisikia vilevile tunavyotamka sisi, ila katika lugha yake sauti ya sh huandikwa sch, na herufi j husomwa kama y, ndiyo maana ikambidi kutanguliza d. Herufi w kwake husomwa v. Angeandika Mwanza, wenziwe wangesoma Mvantsa. Kwa mwalimu wa fonetiki, somo la wiki nzima limo katika vibao vitatu.

Upande wa ziwani kuna ushahidi mwingine. Meli iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, ililetwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916. Waingereza waliiopoa, na tangu 1927 ikasafiri kwa jina la Liemba. Basi ubao wa safari za meli wenye jina la Liemba hauwezi kuwa wa kabla ya mwaka huo. Kadhalika makasha ya mizigo gatini. Kwa mkataba wa 1921 Wabelgiji walipewa maeneo yao ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, ili shehena za Kongo na Ruanda-Urundi zipite. Kasha la siku hizo litaandikwa Usumbura. Likiandikwa Bujumbura ni la baada ya uhuru wa 1962. Likielekea ng'ambo ya magharibi litasomeka Albertville, na kuanzia 1966 Kalemie. Wenzetu wa Kongo wanajua zaidi ya hapo, kwani kwao hata Elisabethville ilikuwa na jina la Kifaransa na la Kiholanzi, Elisabethstad, kabla ya kuwa Lubumbashi.

Bei nazo husema. Tangu 1904 fedha ya Wajerumani ilikuwa rupia ya heler 100. Waingereza walileta florini kwa muda mfupi, ikafuatwa na shilingi ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Tanzania ikatoa shilingi yake 1966. Bango la sabuni la mwaka 1912 lenye bei ya senti ni uongo mtupu, hata likichorwa vizuri namna gani.

Sasa tufikie jambo ambalo watengenezaji wengi hulikwepa. Tuseme mfano wetu ni wa mwaka 1955. Chini ya ukoloni, vyumba vya kusubiria na vyoo vya stesheni vilitenganishwa kwa rangi za watu, na vibao vya milangoni vilitamka wazi: Wazungu huku, Waasia kule, Waafrika pale. Behewa la daraja la tatu lilikuwa, kwa kawaida, behewa la Mwafrika. Anayepamba meza yake hupenda bango la bia na la chai, lenye rangi za kupendeza, na milango akaiacha mitupu. Yuko atakayesema kwamba huu ni mchezo tu, nao mchezo usitonesheane madonda. Sikubaliani naye. Ikiwa parafujo ya injini imehesabiwa na kibao cha mlangoni kimeondolewa, mtoto atakayeitazama meza ile ataamini kwamba babu yake alikuwa akiketi popote alipotaka. Kibao kile kiwekwe, kwa ukubwa wake halisi na kwa lugha yake, wala kisitiwe chumvi.

Baada ya uhuru ukuta hugeuka kwa kasi. Mwaka 1967 ni mpaka mkubwa: mabenki yalitaifishwa mwezi wa Februari, kibao cha Barclays Bank D.C.O. kikateremshwa, kikapandishwa cha National Bank of Commerce. Na mwaka uo huo Kiswahili kikaagizwa kitumike katika shughuli za serikali. Ndipo S.L.P. ilipoanza kushika mahali pa P.O. Box katika vibao na barua. Herufi tatu tu, lakini kwangu zina uzito kuliko bango zima.

Kuhusu utengenezaji wenyewe, kipimo kinachotumika sana, kiitwacho HO, hupunguza kila kitu mara 87. Njia yetu ya mita moja huwa milimita 11.5, na kwa urahisi hutumiwa ya milimita 12. Kibao cha stesheni cha mita 3 hubaki milimita 34 hivi. Herufi yake ya sentimita 30 haifiki milimita 4, na herufi ya sentimita 5 haifiki hata milimita 1. Hivyo maandishi madogo hayasomeki kwa jicho, lakini yasiwe mistari ya ovyo, maana watu hupiga picha na kuzikuza. Anayetumia kompyuta achunge mwandiko: Arial ilibuniwa 1982, Helvetica 1957, Gill Sans 1928. Kwa matangazo ya ukutani ni afadhali kuandika kwa mkono, kwa sababu fundi rangi wa mjini hakuwa na herufi mbili zilizolingana kabisa.

Tangazo likishachapwa kwenye karatasi nyembamba, upande wa nyuma husuguliwa kwa msasa laini mpaka karatasi ikaribie kutoboka, kisha hupakwa gundi na kukandamizwa ili ifuate mifereji ya matofali. Ukingo mweupe wa karatasi hupakwa rangi, la sivyo utaonekana toka mbali. Kibao cha bati lenye enameli huhitaji namna nyingine. Enameli haipauki upesi; huvunjika pale misumari ilipopigwa, na kutu hutokea hapo na kushuka kama mchirizi wa machozi. Rangi iliyopakwa juu ya ukuta ndiyo inayopauka, na nyekundu hutangulia. Ukuta wa 1955 una haki ya kuwa na tangazo la 1935 chini ya chokaa yake. Kwa hiyo anza na la zamani, lipake chokaa nyepesi, na likiwa bado linachungulia ndipo uandike jipya.