Povu Lililokataa: Maji Magumu katika Nachingwea na Ruangwa

Maji magumu ni maji yaliyobeba kalsiamu na magnesiamu nyingi kiasi cha kuifanya sabuni ishindwe kutoa povu. Maabara huyapima kwa miligramu za kalsiamu kabonati katika lita moja: chini ya 60 ni laini, juu ya 180 ni magumu sana. Mchotaji ana kipimo chake. Anaisugua sabuni ya mche mkononi, na ikigeuka mabonge meupe yanayong'ang'ania beseni, ameshapata jibu.

Ruangwa ni wilaya ya mkoa wa Lindi, iliyomegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995. Sehemu kubwa ya eneo hili imekaa juu ya miamba ya kale iliyopikwa na joto la ardhini, ile ile yenye madini ya kinywe ya Ruangwa, na miamba ya aina hiyo mara nyingi huwa na mikanda ya marumaru. Maji yanayokaa miaka mingi katika nyufa zake huyeyusha chokaa kidogo kidogo. Zamani, mito ilipokauka kiangazi, watu walifukua mashimo kwenye mchanga wake. Maji ya shimo la mchangani yalikuwa ni ya mvua ya karibuni, yaliyopita kwenye chembe zisizoyeyuka. Yalileta kuhara na minyoo, lakini kwa kawaida maji ya namna hiyo huwa laini.

Mambo yalianza kubadilika watu walipokusanyika. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, uliugeuza msitu wa Nachingwea kuwa mji, na reli kutoka bandari ya Mkwaya ikafika huko mwaka 1949. Mwaka 1951 mpango ulikwishavunjwa, ila mji ulibaki na kiu yake. Mwaka 1971 serikali iliahidi maji safi karibu na kila kaya ya kijijini ndani ya miaka 20. Kisha, kati ya 1973 na 1976, Operesheni Vijiji iliwahamishia watu kwenye makazi ya pamoja, ambako mamia ya kaya zilitegemea chanzo kimoja au viwili. Ufini ilifadhili miradi ya maji ya Lindi na Mtwara kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na pampu za mkono zikawa jambo la kawaida. Faida yake kwa afya haina ubishi. Lakini kadiri kisima kinavyokwenda chini, ndivyo kwa kawaida maji yake yanavyoongeza madini, na gharama hiyo haikulipwa na mradi. Ililipwa jikoni na kwenye karai la kufulia.

Hesabu yake ni rahisi. Ndoo ya lita 20 yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita humeza karibu gramu 36 za sabuni halisi kabla povu la kwanza halijatokea. Sabuni hiyo haijasafisha kitu. Imeungana na kalsiamu na kuwa utando. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, sabuni iliadimika nchi nzima, na kwa kaya iliyochota maji magumu kipande kilekile kilikuwa na kazi mbili. Wengi walifulia majani ya mpapai, wakiyaponda na kuyasugua kwenye nguo. Ilikuwa dawa ya shida, lakini kalsiamu haiyageuzi majani kuwa mabonge kama inavyoigeuza sabuni.

Dawa ya kudumu zaidi ilikuwa magadi, na hapa ujuzi wa jikoni unastahili heshima zaidi kuliko unayopewa. Ndani ya magadi mna sodiamu kabonati, nayo huifanya kalsiamu igande na kutuama chini ya ndoo. Kwa ndoo iliyotajwa, gramu 6 au 7 za kabonati safi zinatosha. Magadi ya sokoni, yenye udongo na chumvi nyingine, yatahitaji zaidi. Maji ya majivu yaliyochujwa hufanya kazi hiyohiyo kwa kutumia potasiamu kabonati. Mpishi huyatia magadi kwenye mbaazi na njugumawe kwa sababu nyingine: kalsiamu hukaza maganda na nyama ya punje, hivyo chungu hukaa motoni muda mrefu na kuni huisha. Ubaya ni kwamba magadi huharibu vitamini B1.

Kuchemsha huondoa sehemu tu ya ugumu, ile inayotokana na bikabonati. Ndiyo huacha ukoko mweupe ndani ya birika, unaotoka kwa ndimu au siki na kurudi tena. Ugumu wa salfeti haujali moto. Mwilini maji haya hayana madhara yanayojulikana kwa mtu mzima wa afya, na ndiyo maana kiwango cha Tanzania cha maji ya kunywa kinavumilia ugumu hadi miligramu 600 kwa lita.

Katika miaka ya 2010 maji ya chemchemi za Mbwinji, upande wa Masasi, yalifikishwa kwa bomba hadi mji wa Nachingwea. Maji yake, kama mengine yanayochuja kwenye mchanga wa uwanda wa juu wa Makonde, huwa na chokaa kidogo tu. Vijiji vilivyo mbali na bomba kubwa bado huchota kisimani, na mvua ikinyesha ndoo hupangwa chini ya mabati. Maji hayo hutengwa kwa ajili ya nguo nyeupe.