Nani Aijue Njia ya Kuifikia Rekodi

Mwaka 1973, alipopokea Tuzo ya Turing, Charles Bachman alimfananisha mwandishi wa programu na nahodha. Mfumo wake wa hifadhidata wa IDS, alioujenga akiwa General Electric mwanzoni mwa miaka ya 1960, ulimtaka ashike usukani mwenyewe: aanze na rekodi ya mteja, afuate kiungo hadi oda ya kwanza, kisha inayofuata, mpaka aifikie anayoitaka. Aliyeijua njia alifika upesi. Tabu ilikuja data ilipopangwa upya, kwani programu zilizotegemea njia ya zamani zilikwama.

Adha hiyo ilimkera Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California. Juni 1970 alichapisha makala akipendekeza data ikae katika majedwali, mtu aseme anachotaka tu, njia itafutwe na mashine. IBM haikuwa na haraka. Ilikuwa tayari inauza IMS, mfumo wa kufuata viungo uliotokana na kazi ya mradi wa Apollo, na nani apendaye kuitia mchanga biashara yake?

Mei 1974 Codd na Bachman, kila mmoja akitetea mtazamo wake, walijadiliana ana kwa ana mjini Ann Arbor, Michigan. Kwenye mkutano huohuo Donald Chamberlin na Raymond Boyce walileta SEQUEL, lugha ya kuulizia data iliyo katika majedwali, ambayo baadaye iliitwa SQL. Boyce hakuiona ikikua. Alifariki mwaka uleule.

Lakini kwa maoni yangu, ubishi ule haukumalizwa na maneno. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake walieleza jinsi mfumo wa majaribio wa IBM, System R, ulivyokadiria gharama ya kila njia, iwe kulisoma jedwali zima au kupitia faharasa fulani, kisha ukachagua iliyo nafuu. Hoja ya waliomtilia shaka Codd, kwamba mashine haiwezi kujitafutia njia, ikaanza kupwaya.

Hata hivyo njia ya zamani haikufa. Kwenye AS/400, kompyuta ya IBM ya mwaka 1988, faili moja ilifikika kwa namna zote mbili. Mwandishi wa programu za lugha ya RPG mwenye namba ya mteja aliandika amri ya CHAIN, rekodi ikaja moja kwa moja. Kwa kazi hiyo SQL haikuwa na la kumzidi. Akitaka jumla ya madeni ya mji mzima, amri moja ya SQL, SELECT, ilitosha. Waliozoea CHAIN, hata hivyo, waliirudia amri hiyo kwa rekodi baada ya rekodi, kisha wakailaumu kompyuta kwa kukawia.