Mabuku yaliyojifunza kusemezana: historia ya blokcheni na funguo zake

Katika miji ya Kivu, wakaaji wanaijua shida hii tangu zamani. Mama ana pesa katika M-Pesa, mwanawe ana namba ya Airtel Money, na muuzaji wa unga anapokea Orange Money tu. Kila kampuni inaandika pesa katika buku lake. Kwa miaka mingi, njia ya kawaida ilikuwa kutoa pesa kwenye kabini moja, kuzibeba mkononi na kuziingiza kwenye kabini ingine, huku gharama ikikatwa mara mbili.

Watu waliotengeneza blokcheni walikutana na shida ya namna hiyo hiyo. Historia ya jinsi walivyojaribu kuitatua ina mafundisho kwa wale wanaoishi kwa pesa ya simu na msaada wa mashirika, wahami wakiwa wa kwanza.

Blokcheni ni buku moja linaloandikwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Kila ukurasa mpya unabeba alama ya ukurasa uliotangulia. Mtu akifuta mstari wa zamani, kurasa zote zinazofuata zinamshitaki. Wazo hilo lilitangazwa mwezi wa kumi 2008 na mtu au kundi lililojiita Satoshi Nakamoto, na buku la Bitcoin likaanza kuandikwa mwezi wa kwanza 2009. Mwaka wa 2015 likaja Ethereum, ambalo Vitalik Buterin alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Hilo liliweza kubeba hata programu, si hesabu ya pesa tu. Lakini Bitcoin haikuweza kusoma buku la Ethereum, wala Ethereum kusoma la Bitcoin. Kila moja lilikuwa kama kisiwa.

Kazi ya kuunganisha visiwa hivyo ilianza kabla ya hapo. Mwaka wa 2014, Jae Kwon, mtunga programu wa Marekani, alianza kutengeneza chombo kilichoitwa Tendermint. Baadaye Ethan Buchman wa Canada aliungana naye. Tendermint haikutumia umeme mwingi kama Bitcoin. Yenyewe inaita kundi la wahakiki wanaojulikana, wanapiga kura juu ya kila ukurasa, na ukurasa unakubaliwa kama zaidi ya theluthi mbili za nguvu ya kura zimekubali. Kama theluthi moja au zaidi wamenyamaza, buku linasimama kuliko kuandika uongo.

Mwaka wa 2016 wawili hao wakaandika mpango wa Cosmos: mabuku mengi, kila moja na mwenyewe, lakini yenye lugha moja ya kusemezana. Mwezi wa nne 2017 walikusanya karibu dola milioni 17 kwa muda usiofika saa moja. Buku la kwanza, Cosmos Hub, lilifunguliwa tarehe 13 mwezi wa tatu 2019.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni vyombo vya watunga programu. Zamani, mtu aliyetaka blokcheni yake alipaswa kuandika kila kitu tangu mwanzo, kazi ya miaka. Cosmos ilitoa sanduku la vipande vilivyo tayari: kipande cha kuhesabu pesa, kipande cha kura, kipande cha kuweka dhamana. Mtunga programu anachagua vipande, anaongeza chake, na nyumba imesimama. Chombo kingine, kilichoitwa Starport na sasa Ignite, kinaweza kuunda mifupa ya blokcheni mpya kwa amri moja tu. Kuiendesha kila siku ndiyo kazi inayobaki: kupata wahakiki waaminifu, kuweka kompyuta zao macho usiku na mchana, na kubadilisha programu bila buku kukatika.

Mwanzoni mwa 2021 lugha ya kusemezana, inayoitwa IBC, ikaanza kazi. Namna yake ni hii. Buku A linaweka ndani yake shahidi mdogo anayefuata saini za wahakiki wa buku B, na B linafanya vilevile kwa A. Pesa ikitoka A, inafungiwa A, na B linatoa hati yenye thamani hiyo. Habari inabebwa na mjumbe, lakini mjumbe hawezi kudanganya, kwa sababu shahidi anakagua saini kabla ya kukubali. Mwenye hati akirudi, hati inachomwa na pesa inafunguliwa.

Si wote waliofuata njia hiyo. Wengi walijenga madaraja ya haraka, ambapo watu wachache wanashika funguo na wanasema, “Tumeona pesa imeingia, toeni upande wa pili.” Mwaka wa 2022 madaraja hayo yalianguka moja baada ya lingine. Mwezi wa pili, daraja la Wormhole lilipoteza karibu dola milioni 320, kwa sababu programu yake haikukagua saini sawasawa. Mwezi wa nane, daraja la Nomad lilipoteza karibu milioni 190. Hapo kosa lilikuwa jepesi hata mtu asiye fundi aliweza kunakili muamala wa mwizi wa kwanza na kuweka anwani yake mwenyewe. Watu wengi walikimbilia kupora, na wachache wakarudisha.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha daraja la Ronin, mwezi wa tatu 2022. Daraja hilo lilikuwa na funguo tisa, na tano zilitosha kufungua. Nne zilikuwa kwa kampuni moja, na ya tano ilipatikana kupitia ruhusa ya zamani ambayo haikufutwa. Wezi walichukua zaidi ya dola milioni 600, na siku sita zikapita bila mtu kugundua. Polisi ya FBI ya Marekani ilisema wezi ni kundi la Korea ya Kaskazini.

Wanachama wa AVEC, vikundi vya kuweka akiba katika vijiji na makambi, wanaelewa kosa hilo bila mwalimu. Kisanduku chao kina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu wa nyumba tofauti. Funguo tatu zikilala nyumba moja, kisanduku hicho kina kufuli moja tu.

Hata chombo kizuri hakizuii ahadi mbaya. Blokcheni ya Terra ilijengwa kwa sanduku la vipande vya Cosmos. Iliuza pesa iliyosemwa kuwa sawa na dola moja siku zote, na watu walioiweka waliahidiwa faida karibu asilimia 20 kwa mwaka. Mwezi wa tano 2022 ilianguka, na thamani ya karibu dola bilioni 40 ikayeyuka kwa siku chache. Buku lenyewe liliandika kila kitu sawasawa, lakini pesa yenyewe haikuwa na kitu nyuma yake. Mwanzilishi wake, Do Kwon, alikiri makosa mbele ya mahakama ya New York mwezi wa nane 2025.

Kwa wahami, upande mwingine wa historia hii uko Jordan. Mwaka wa 2017, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, PAM, lilileta katika kambi ya Azraq mpango unaoitwa Building Blocks. Wakimbizi 10,000 wa Syria walinunua chakula kwa kutazama kamera iliyosoma macho yao, na hesabu ikaandikwa katika blokcheni ya shirika. Gharama za benki zilipungua sana. Baadaye mpango huo ulifika Bangladesh, na katika Ukraine ulisaidia mashirika mbalimbali kulinganisha orodha zao ili mtu asihesabiwe mara mbili huku mwingine akisahauliwa.

Lakini buku hilo si kama Bitcoin: funguo ziko kwa mashirika, na mkimbizi hana hata moja. Jina linaweza kusahihishwa, linaweza pia kuondolewa, na jicho likishaandikishwa halibadilishwi kama namba ya siri.

Kongo nayo imeguswa: tangu 2020, Mbuga ya Virunga imetumia umeme wa maji wa Luviro, Kivu ya Kaskazini, kuendesha kompyuta za Bitcoin.

Kwa hiyo, mtu akija kambini na orodha mpya ya simu au mashine ya macho, au kijana akileta kripto yenye faida ya kila wiki, kuna maswali matatu ya kumuuliza. Funguo ziko kwa nani, na ni watu wangapi? Pesa hiyo ina nini nyuma yake? Na jina likikosewa au likifutwa, mhami atalalamika mlango gani?