Mchoraji Aliyeiacha Besi

Wahenga walisema, "Mshika mawili moja humponyoka." Stuart Sutcliffe alishika mawili, brashi na gitaa, ikambidi kuchagua. Kisa chake chamfaa kila kijana aliyefika njia panda.

Alizaliwa Edinburgh, Uskoti, tarehe 23 Juni 1940, akakulia pande za Liverpool, Uingereza. Katika Chuo cha Sanaa cha Liverpool alijulikana kuwa mchoraji hodari, na hapo ndipo alipofanya urafiki na John Lennon, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa na kundi la muziki wa roki. Mwishoni mwa mwaka 1959 picha moja ya Stuart ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya John Moores, ikanunuliwa. Punde baadaye, kwa kushawishiwa na wenzake, alinunua gitaa la besi, lile lenye nyuzi nne nene na sauti nzito. Hakuwa fundi wa kulipiga. Alilishika kwa ajili ya urafiki.

Agosti 1960 kundi hilo, The Beatles, lilikwenda Hamburg, Ujerumani, likawa likipiga muziki vilabuni hata usiku wa manane. Huko Stuart alimchumbia Astrid Kirchherr, mpiga picha. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye rangi. Mwaka 1961 akakata shauri: akaliacha kundi, besi ikashikwa na Paul McCartney, naye akaingia Chuo cha Sanaa cha Hamburg, akafundishwa na mchongaji mashuhuri, Eduardo Paolozzi. Alichora kwa bidii kubwa, ijapokuwa alisumbuliwa na maumivu makali ya kichwa.

Tarehe 10 Aprili 1962 alifariki kwa kuvuja damu ubongoni, akiwa na umri wa miaka 21. Oktoba mwaka huo huo wenzake walitoa sahani yao "Love Me Do", na muda si mrefu sifa zao zikaenea duniani.

Je, alichagua vibaya? Siku alipoiacha besi, hakuna aliyejua kwamba utajiri ulikuwa karibu, wala kwamba Stuart alibakiwa na muda usiotimia mwaka mmoja. Muda huo mfupi aliutumia kwa kazi aliyoipenda kwa dhati. Mwaka 1964 picha zake zilionyeshwa Liverpool, katika jumba la Walker. Besi ilipata mpigaji mwingine. Picha zile hakuna mwingine ambaye angezichora.