Pilipili hoho
(nomino, ngeli ya i-/zi-)

Aina ya pilipili kubwa, yenye uwazi ndani, isiyowasha. Hiyo ndiyo maana iliyozoeleka Tanzania Bara leo: mjini Singida, mtu anayetiliwa hoho katika kachumbari ya kuku wa kienyeji hatarajii kutokwa machozi. Hata hivyo, kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaitaja *pilipili hoho* kuwa pilipili kali, ikiitofautisha na *pilipili manga*. Msomaji wa mapishi ya kale ya pwani azingatie tofauti hiyo, asije akapika mchuzi uliopoa.

Ugumu zaidi huwapata wafasiri wa vyakula vya New Mexico, Marekani, ambako pilipili ndefu huchumwa ingali kijani, huchomwa, humenywa, kisha hupikwa mchuzi. *Hoho ya kijani* hupoteza ukali wote. *Pilipili mbichi* yafaa zaidi, kwani *-bichi* hapa ni kinyume cha *-bivu*, si cha kilichopikwa. Basi *pilipili mbichi ya kuchoma* haijipingi, ingawa wanafunzi wangu huicheka.

Kitenzi chake ni *-washa*: *Pilipili imeniwasha*, si *imeniunguza*.